Waya Mbele ya Upatu

Purwanti aling'oa unywele mmoja nyuma ya sikio, akaulaza juu ya kitufe cha mwendo cha mashine ya ngoma, akazigandisha ncha zake kwa mate. Usingeuona ila kama ulijua ulipo. Mtu akikigusa kitufe, unywele ungesogea, naye angejua.

"Unaibusu, Mbak?"

Alikuwa Pak Tukijan, mpiga kendang, aliyemwita Mbak, yaani dada, kama wote kundini; ameketi kwenye mkeka wake nyuma ya jukwaa, akikaza kamba za ngoma.

"Nafuta vumbi, Pak."

"Kwa ulimi?" Aligonga ngozi kwa kiganja, akasikiliza, akakaza tena. "Hii yangu ninayo tangu sijaoa. Sijawahi kuilamba, na haijawahi kunikimbia."

Purwanti hakucheka. Alitazama upande wa pili wa jukwaa, ambako Priyatmoko, mpiga kinanda, alikuwa akisimamisha stendi ya chombo chake huku akipiga mluzi. Mluzi ulikwenda taratibu, haukukosea hata sauti moja. Ulikuwa mluzi wa mtu asiye na wasiwasi, na hilo nalo Purwanti aliliweka akilini.

Jukwaa lilikuwa uani kwa Pak Giyarto, mwenye kinu cha mpunga huko Gemolong, aliyekuwa akimwoza binti yake. Turubai la mistari lilitandwa juu, viti vya plastiki vikapangwa chini, na majani machanga ya mnazi yaliyosukwa yakaning'inizwa langoni. Kundi la Sekar Gumelar lilikuwa limealikwa kupiga campursari, nyimbo za kienyeji zilizochanganywa na vyombo vya kisasa, kuanzia bibi harusi akae hadi wageni waondoke. Zamani kazi hiyo ilihitaji watu ishirini na lori la vyombo vya shaba. Siku hizi walikuwa watano: waimbaji wawili, kendang, kinanda, na Purwanti nyuma ya kompyuta. Vyombo vingine vyote vilitoka kwake.

Hata upatu mkubwa. Wenyewe, ule wa shaba, ulichukuliwa na kaka wa kiongozi wa kundi baba yao alipofariki, ukahamia Klaten. Kabla haujapakiwa, sauti yake ilinaswa na kuwekwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa tofali. Fremu ya upatu ilibaki, ya mti wa msaji, imechongwa majoka mawili yanayotazamana. Kisanduku kilikaa sakafuni katikati ya miguu ya fremu hiyo, kimefunikwa kwa kitambaa cha batiki kilichoshuka kutoka juu hadi chini. Nyimbo za huko huzunguka, na kila mzunguko hufungwa kwa pigo la upatu. Pigo hilo lisipofika mahali pake, mwimbaji hubaki mdomo wazi.

Kazi ya Purwanti ilikuwa kuhakikisha linafika. Kompyuta yake ilituma mapigo madogo kwa waya, ishirini na manne kwa kila pigo moja la wimbo. Kisanduku cha upatu kiliyapokea, kikayapitisha kwa mashine ya ngoma. Vyombo hivyo havina masikio wala havijui wimbo, vinahesabu tu. Mapigo yakiwa sawa, vinakwenda sawa. Yakizidi au yakipungua, kila kimoja kinashika njia yake.

Kwa miaka kumi na mmoja vilikwenda sawa. Ilikuwa miezi mitatu sasa tangu vianze kumtoroka.

Namna ya kutoroka ilikuwa ile ile kila mara. Nyumbani kwake Masaran alipofanya majaribio, hakuna kilichoyumba. Jukwaani, kabla ya wageni, hakuna kilichoyumba. Onyesho likianza, nyimbo mbili za mwanzo, zile za pole, zilipita salama. Wimbo wa tatu, wa kuchangamsha, ukifika katikati, mashine ya ngoma ilikimbia, ikasita, ikakimbia tena, kama mtu anayeitwa na watu wawili kwa mpigo. Kule Plupuh, bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alicheka kwa sauti. Wageni waliokuwa wakicheza walisimama, wakageuka, wakamtazama mwanamke aliyekaa nyuma ya kompyuta.

Baada ya Plupuh, Bu Warsiyah, kiongozi na mwimbaji mkuu wa kundi, alimwita kando. Hakupandisha sauti. Hakuwahi.

"Mbak Pur, tutajaribu mara moja tena, kwa Pak Giyarto. Ikiyumba, basi Jumapili tutumie flashi ya Mas Pri. Anasema muziki wote umo, mtu anabonyeza tu."

"Na mimi, Bu?"

"Wewe utapumzika."

Bu Warsiyah hakuwahi kumfukuza mtu. Watu walipumzishwa. Aliyekuwa akipiga filimbi alipumzishwa, na sasa anauza mipira ya nyama barabarani. Purwanti alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya mashine hizi alisimamia mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilifungwa. Mama yake alikuwa amelala mgonjwa chumba cha mbele, akisubiri arudi. Hakuna aliyekuwa akitafuta mtu mwingine wa kuhesabu mapigo.

Kwa hiyo alitafuta sababu kwa utaratibu. Alijaribu umeme wa jenereta: haukuwa umeme. Aliviacha vyombo juani chini ya bati mchana kutwa: halikuwa joto. Alibadilisha waya, akafuta programu na kuiweka upya. Vitu havina nia mbaya, na sababu za vitu zilipokwisha, zilibaki za watu.

Na mtu alikuwapo. Priyatmoko alijiunga na kundi miezi mitatu iliyopita, wiki ile ile mambo yalipoanza. Mashine iliharibika kila alipowasha midundo ya kinanda chake, kayamba na tari za kusindikiza, na alipoizima, ilitulia. Zaidi ya hayo, flashi ilikuwa yake. Kitu kimoja tu hakikukaa vizuri: hakukuwa na waya wowote kati ya kinanda chake na vyombo vya Purwanti. Alikuwa amepapasa kwa mkono wake katika kila onyesho wakati wa kupanga. Hapakuwa na waya. Basi anatumia njia nyingine, aliamua, na ndiyo maana ya unywele.

"Mbak," Priyatmoko aliita, "twende wa tatu?"

Walijaribu wimbo wa tatu. Purwanti alianzisha, Pak Tukijan akaingia, Priyatmoko akawasha midundo yake. Taa nyekundu ya mashine ya ngoma iliwaka na kuzimika bila kukosea. Upatu ulilia mahali pake, ukichelewa kidogo tu, kama upatu wenye adabu unavyotakiwa.

"Mgonjwa wako leo hajambo," alisema Priyatmoko.

"Huwa hajambo mpaka wageni wafike."

"Basi ana haya."

"Au kuna mtu anamtembelea."

Priyatmoko alimtazama muda mrefu kidogo kuliko mzaha ulivyohitaji. Kisha akainama juu ya kinanda chake, akatoa kitu mfukoni, akawa anashughulika na kona ya vitufe huku amempa mgongo. Purwanti alinyoosha shingo asione kitu.

Bu Warsiyah alitokea kwenye ngazi ya jukwaa. Alikuwa tayari amevaa, kebaya ya kijani na kishungi cha nywele, amebeba sinia lenye vikombe vya majani ya mgomba vilivyojaa waridi, asmini na langilangi, na kifukizo kidogo cha ubani.

"Haya, shukeni mkale. Wenye nyumba wameshapakua."

Walishuka wote. Ilikuwa desturi ya baba yake Bu Warsiyah, naye aliishika: kabla ya onyesho upatu huwekewa maua, na anayeyaweka hubaki peke yake. Maua yakishawekwa, hakuna anayegusa wala kufunua chochote mbele ya upatu mpaka onyesho liishe, na ni mkono ule ule ulioyaweka unaoyaondoa. Upatu wa shaba ulipohamia Klaten, Purwanti alidhani desturi ingehama nao. Haikuhama. Bu Warsiyah aliwekea maua kisanduku.

Nyuma ya nyumba wanawake wa kijiji walikuwa wakipakua wali, tempe ya soya, fenesi changa la nazi na vikaango vikavu vya uduvi. Purwanti alikaa kwenye benchi ambako angemwona Priyatmoko. Priyatmoko alikula matonge mawili au matatu, akaweka sahani chini ya benchi, akaondoka bila kuaga, akielekea upande wa kisima.

Purwanti naye aliweka sahani chini.

"Mbak, pilipili kali, au nini?" Pak Tukijan aliuliza, mdomo umejaa.

"Naenda kunawa."

"Hujagusa kitu unanawa nini?"

Purwanti alizunguka kisima, akapita kando ya banda la kuku, akafika kwenye migomba iliyopakana na jukwaa. Priyatmoko alikuwa amechuchumaa pale katikati ya mashina, sigara ya karafuu mkononi, macho kwenye ngazi ya jukwaa. Hakuwa akienda popote. Alikuwa akivizia.

"Unamsubiri nani, Mas?"

Aliruka, nusura adondoke. "Wewe!"

"Mimi niko hapa."

"Sasa naona. Nilijua utapitia ngazini."

"Nipite ngazini nikafanye nini?"

"Niambie wewe." Alisimama, akapangusa magoti. Alinong'ona, lakini kwa hasira. "Kila nikiwasha midundo yangu, mashine yako inapata kichaa. Kila siku! Nisipoiwasha, imetulia. Watu wanaona, Mbak. Wanasema mgeni kaja na mkosi. Kama hukunitaka tangu mwanzo, ungesema."

"Niharibu kazi yangu mwenyewe ili wewe uonekane mbaya?"

"Sijui. Watu wa mashine mna akili zenu. Ndiyo maana leo nimepaka poda vitufe vya mipangilio, vile nisivyovigusa nikipiga. Ukinichezea kinanda nitaona vidole."

Purwanti alimtazama mkono. Kweli, ncha ya kidole cha shahada ilikuwa nyeupe.

"Poda gani?"

"Ya mtoto. Ya binti yangu," alisema, na hasira yake ikapungua bila yeye kutaka.

Purwanti alifikiria unywele uliokuwa juu ya kitufe chake. Hakuutaja.

"Nyamaza," alisema. "Tazama."

Kutoka pale migombani jukwaa lilionekana kwa ubavu, nyuma ya kitambaa cha batiki. Bu Warsiyah alikuwa amepiga magoti mbele ya fremu ya majoka. Aliweka vikombe vya maua, akapuliza kifukizo, akaunganisha viganja mbele ya paji la uso na kukaa hivyo kwa muda. Halafu alifunua kitambaa, akaingiza mkono. Waya wa Purwanti, ule uliotoka kwenye kompyuta na kupita sakafuni mbele ya upatu, ulichomolewa. Bu Warsiyah aliuvuta kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemtoa nyoka asiye na sumu, akaupitisha nyuma ya fremu, akauchomeka kwenye mgongo wa kinanda. Kisha, kutoka kwenye mkunjo wa kebaya, alitoa waya mwingine mfupi mweusi. Upande mmoja aliuchomeka kwenye kinanda, upande wa pili kwenye kisanduku. Hakukosea tundu. Alishusha kitambaa, akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume hadi ngazini.

Sigara ya Priyatmoko iliungua yenyewe.

"Waya ule mfupi," Purwanti alisema mwishowe, "ni wa nani?"

"Wangu."

"Umemfundisha."

"Aliniuliza, Mbak! Wiki yangu ya kwanza. Alisema waya umelala mbele ya upatu na watu wanauruka kupita, ni kama kumruka mzee aliyelala. Akauliza kama kuna njia ya nyuma. Nikamwambia wako kwa nyuma haufiki kwenye kisanduku, lakini kwenye kinanda changu unafika, na kinanda kinaweza kupitisha. Nikampa waya. Nilidhani atakuambia."

"Na hukuwahi kuona nyaya mbili zimechomekwa kwenye chombo chako?"

"Viko mgongoni, mimi nakaa mbele. Onyesho likiisha lazima huwa anarudisha kila kitu anapoondoa maua yake, kabla sijasimama." Alitupa sigara. "Na wewe hukuwahi kufunua kitambaa kuangalia?"

"Maua yakishawekwa?"

"Enhe. Basi tuko sawa."

Purwanti alikuwa akikumbuka. Miezi mitatu iliyopita alinunua kompyuta mpya, akahamisha meza yake kutoka nyuma hadi kulia, na waya ukaanza kupita mbele ya upatu. Bu Warsiyah alimwambia siku hiyo hiyo, kwa sauti yake ya chini, "Mbak Pur, waya huo umekaa vibaya." Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Umekaa vizuri, Bu. Nimeupima." Mambo mawili yalibadilika wiki ile. Yeye alilichunguza moja.

Yaliyobaki yalikuwa hesabu. Kinanda kilipitisha mapigo ya kompyuta kama Priyatmoko alivyoahidi, na kwa nyimbo za pole hakikuongeza kitu. Lakini kilipowashwa midundo, kilituma pia mapigo yake chenyewe, katika waya ule ule. Viongozi wawili katika njia moja. Mashine ya ngoma haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa ikiwatii wote wawili.

Kutoka uani sauti ya kipaza ilianza kuwakaribisha wageni. Hakukuwa na nafasi ya kufunua kitambaa. Wala hakukuwa na namna ya kumwendea Bu Warsiyah, mbele ya wenye nyumba, na kumwambia kwamba miezi mitatu ameharibu kwa mkono wake muziki aliotoka kuuombea.

"Kinanda chako kina ukurasa wa mapigo," Purwanti alisema. "Kwenye mipangilio. Zima kutuma. Kiache kipokee na kupitisha tu."

"Nikizima haitayumba?"

"Haitayumba."

Priyatmoko alikuna kidevu. "Na nisipozima?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani tangu mwanzo, na sasa wote wawili walikuwa wakilitazama.

"Jumapili utabonyeza flashi," alisema Purwanti. "Nami nitapumzika."

"Unafikiri mimi nataka hivyo."

"Sifikiri. Najua nani anafaidika."

"Mbak, we mtu mgumu." Alicheka kwa pua. "Nitazima."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe wapi? Kinanda kiko juu, mpaka tupande kupiga. Na kutoka mezani kwako kioo changu hukioni. Itabidi uniamini tu."

Purwanti aliutafakari msemo huo kama angetafakari sehemu ya mashine aliyoletewa bila maelezo.

"Twende," alisema.

Bibi harusi aliketishwa. Wageni walijaza viti, watoto wakakalia mkeka wa mbele. Purwanti alipopanda aliinama kwanza juu ya mashine ya ngoma. Unywele ulikuwa palepale, mzima. Ukweli huo, ambao saa moja kabla ungemwambia mengi, sasa haukumwambia kitu.

Wimbo wa kwanza ulipita. Bu Warsiyah aliimba macho yamefumba nusu, mkono mmoja ukipima hewa. Wa pili ulipita. Upatu ulilia, ukachelewa kidogo, ukatulia, na moshi wa ubani ukapanda mbele ya majoka.

"Sasa tuchangamke kidogo," Bu Warsiyah aliwaambia wageni. "Mwenye kiuno asikikalie!" Viti vikakwaruza sakafu. Shangazi wanne walisimama kwa mpigo, na mwenye kinu mwenyewe akavutwa mkono.

Purwanti alianzisha wimbo wa tatu. Aliweka macho kwa Priyatmoko. Mwanga wa kioo cha kinanda ulimpiga kidevuni, wa samawati. Aliona mkono wake wa kushoto ukienda kwenye kona ya vitufe. Mwanga ukabadilika kuwa wa njano, ukakaa hivyo, ukarudi samawati. Alikuwa amefungua ukurasa fulani na kuufunga. Ukurasa upi, na alifanya nini humo, kidevu hakikusema. Anaweza kuwa amezima. Anaweza pia kuwa alihakikisha kimewashwa.

Priyatmoko alitazama upande wake, uso mtupu, akabonyeza midundo.

Kayamba ziliingia, kisha tari. Purwanti alihamisha macho kwenye taa nyekundu. Iliwaka, ikazimika, ikawaka. Pak Tukijan alikuwa ameinua kiwiko, tayari kuokoa, kama alivyookoa Plupuh na kwingineko. Bu Warsiyah alifika mwisho wa ubeti wa kwanza, akashusha sauti kungoja upatu, na katika pumzi hiyo moja mgongo wake wote uligeuka jiwe; naye pia alikuwa amezoea kuogopa mahali hapo.

Upatu ulilia. Ulichelewa kidogo tu.

Taa iliendelea. Pak Tukijan alishusha kiwiko, akamkonyeza, akaanza kupiga madoido aliyokuwa hajayathubutu kwa miezi mitatu, na shangazi mmoja akampigia vigelegele. Ubeti wa pili ulifungwa. Wa tatu. Purwanti hakufurahi. Mtu aliyezima anaweza kuwasha. Kitufe kiko pale pale, na kidole ni kile kile. Alihesabu wimbo wa nne, wa tano, na nyimbo zote za mchana ule bila kuinua macho kwa muda mrefu, na kila Priyatmoko alipoinua mkono wa kushoto, hata kujikuna, yeye alikaza meno.

Haikuyumba.

Wageni walipoanza kushikana mikono ya kuagana, Bu Warsiyah alikuja na sinia kuondoa maua. Alipiga magoti mbele ya fremu, lakini hakufunua kitambaa. Alisema bila kugeuka, "Mbak Pur. Leo imetulia. Umefanya nini?"

Pak Tukijan aliacha kulegeza kamba. Priyatmoko alikuwa amesimama nyuma ya kinanda, mikono chini.

Purwanti alikuwa na jibu kamili. Lilikuwa fupi na halikuwa na kosa ndani yake. Alilitazama jibu hilo, halafu akaitazama shingo ya Bu Warsiyah, ambamo vipande vya asmini vilikuwa vimenata kwa jasho.

"Niliona waya umekaa vibaya, Bu," alisema. "Sasa haupiti tena mbele ya upatu."

Bu Warsiyah alibaki ameshika ukingo wa kitambaa. Kisha alikifunua. Waya ulikuwa nyuma ya fremu, pale pale alipouweka kwa mkono wake asubuhi, na petali moja ya langilangi ilikuwa imebanwa kwenye tundu, kati ya chuma na plastiki. Alivitazama vyote viwili, waya na ua.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia, Bu. Sikusikia."

"Basi uwe unapita huko huko. Upange wewe mwenyewe, kabla sijapanda." Alivitia vikombe vya maua kwenye sinia, kimoja kimoja. "Jumapili tuna Tanon. Njoo mapema, barabara mbaya."

Alishuka ngazi. Pak Tukijan alimfuata na ngoma begani, akasema alipopita, "Kumbe ilitaka kulambwa tu."

Purwanti hakuizima kompyuta. Mapigo yaliendelea kutoka bila wimbo, na taa nyekundu iliendelea kuyahesabu. Alizunguka meza yake kwenda kuchomoa waya, na njia ikampitisha kando ya kinanda. Priyatmoko alikuwa na kitambaa mkononi, akifuta poda kwenye vitufe vya mipangilio. Alifuta safu ya chini, akafuta ya juu. Alipofika kitufe cha pembeni, kile cha kuwasha na kuzima kutuma, aliacha kufuta, akageukia begi lake na kuanza kutafuta kitu ambacho hakukipata haraka.

Juu ya poda ya kitufe hicho kulikuwa na alama ya kidole. Purwanti aliinama hadi pua ikakaribia. Alama ilikuwa moja: kilibonyezwa mara moja tu, hakikurudiwa.

Alirudi kwenye mashine ya ngoma, akaunyanyua unywele kwa kucha mbili, akauinua kwenye mwanga wa jioni uliopenya turubai. Aliuzungusha kidoleni, mara ya kwanza, mara ya pili, akawa ameketi hivyo, wakati mbele yake taa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, na kiatu cha Priyatmoko, kule kwenye begi, kikigonga mbao sawa nayo.